Oksijeni ya Kaboni Namba Mbili

Wengi wetu tunaofanya kazi maabarani hapa Nairobi tuliijua RNA, ule mnyororo wa kemikali unaobeba maagizo ya urithi ya virusi kama HIV, kwa njia moja: kurasa chache kwenye daftari la baiolojia ya sekondari, herufi nne, A, U, G na C, na onyo la mwalimu kwamba kwenye mtihani usije ukaweka T mahali pa U. Mtihani ukipita, unaisahau. Halafu unaajiriwa kwenye maabara inayopima wingi wa virusi vya HIV kwenye damu, na unakuta kwamba karibu kila amri unayopewa, tangu rangi ya kifuniko cha chupa hadi saa ambazo damu inaruhusiwa kukaa kabla plazima, yaani maji ya damu, haijatenganishwa na chembe, inatokana na umbo la kemikali ambazo hukuwahi kuelezwa vizuri. Nayaandika haya kwa ajili ya vijana wa atachimenti wanaokuja kwetu, na kwa mgonjwa yeyote aliyepewa karatasi yenye namba ya virusi akabaki akijiuliza namba ile imetoka wapi.

Mimi nilifundishwa kazi na mama mmoja aliyekuwa karibu kustaafu. Sote tulimwita Madam. Alasiri moja kililetwa kisanduku cha sampuli kutoka kliniki moja nje ya mji. Dereva alikuwa amekwama kwenye jamu ya Thika Road, vifuko vya barafu vimeyeyuka vikawa maji ya uvuguvugu, na ukisoma tarehe kwenye fomu unaona damu ilitolewa asubuhi ya siku iliyotangulia, haijazungushwa kwenye mashine wala kutenganishwa. Dereva akamsihi, "Madam, tafadhali, hawa watu wametoka mbali." Madam alizipitia fomu moja moja, akazigonga muhuri wa kukataliwa, kisha akampigia simu muuguzi wa kliniki ile na kumweleza kwa upole kwamba damu itolewe upya. Niliwahurumia wagonjwa. Damu yenyewe kwa macho ilikuwa nzuri: nyekundu, haijaganda, haina harufu. Nikamwuliza imeharibika wapi.

Alichukua fomu tupu, akaigeuza, akachora umbo la pembe tano.

"Hii ni ribosi," akasema. "Sukari ya RNA. Hesabu kaboni zake nikiona."

Ribosi ina kaboni tano. Nne kati yake, pamoja na oksijeni moja, zinafunga pete. Ya tano inachomoza nje ya pete. Kila kaboni ina namba na kazi yake. Namba moja inashikilia besi, yaani ile sehemu tunayoiita herufi. Namba tatu na namba tano zinashikana na fosfeti: fosfeti moja inaunganisha kaboni namba tatu ya sukari hii na kaboni namba tano ya sukari inayofuata, na hivyo mnyororo unarefuka. Sukari, fosfeti, besi. Vitatu hivyo vikiwa pamoja ndivyo nyukliotidi moja, na RNA nzima si kitu kingine ila nyukliotidi zilizoshikana kwa mfululizo. Za HIV ni kama 9,700 hivi. Za kirusi cha korona kilichotufungia nyumbani mwaka 2020 zinakaribia 30,000.

Tuje sasa kwenye kaboni namba mbili. Kwenye DNA, mahali hapo pana hidrojeni tu. Kwenye RNA pana oksijeni iliyobeba hidrojeni. Tofauti ya sukari hizi mbili ni hiyo oksijeni moja basi. Phoebus Levene, mwanakemia aliyefanya kazi New York, aliitambua ribosi kwenye hamira mwaka 1909, na ilimchukua hadi 1929 kuitambua sukari ya DNA. Miaka ishirini kutafuta kilichopungua! Madam alipafikicha mahali pale kwa ncha ya kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. "Kazi yako yote iko hapa," akaniambia.

Sikiliza inavyokuwa. Oksijeni ile ya kaboni namba mbili ni jirani wa karibu wa fosfeti iliyoshikwa na kaboni namba tatu. Mazingira yakiwa na alikali, au joto, au madini kama magnesi, oksijeni inapoteza hidrojeni yake na kuigeukia fosfeti. Inajishikiza nayo na kufunga pete ndogo, na fosfeti ikishashikwa huku, inaachia kule ilikokuwa imeshika sukari inayofuata. Mnyororo unakatika. RNA, kwa maneno mengine, inabeba ndani yake chombo cha kujikatia, na kinajirudia kwenye kila kiungo, mara elfu tisa na zaidi kwa HIV. DNA haina oksijeni hiyo. Ndiyo sababu watafiti wameweza kusoma DNA kutoka kwenye mifupa ya maelfu ya miaka, ilhali RNA ya jana kwenye kisanduku chenye joto inatia shaka.

Nilipoelewa hilo, muhuri wa Madam nikauona kwa jicho jingine. Kirusi kizima kwenye damu kina ganda linaloilinda RNA yake, lakini kadiri saa zinavyopita na joto linavyopanda, maganda yanachakaa, chembe za damu zinapasuka, na vimeng'enya vya mwilini (protini zinazoendesha kazi za kikemia) vinavyokatakata RNA vinapata nafasi. Mashine yetu inahesabu nakala kwa kutafuta kipande fulani cha RNA kilicho kizima. Kipande kikishakatika katikati, hakihesabiki. Kwa hiyo damu iliyochelewa haitoi jibu la "imeharibika". Inatoa namba, tena namba nzuri ya chini. Mgonjwa anaambiwa dawa zinafanya kazi, anarudi nyumbani na furaha, na virusi vyake vinaendelea kuzaana. Hakuna jambo maabarani linaloniogopesha kuliko habari njema ya uongo. Afadhali mgonjwa achomwe sindano mara ya pili.

Chupa yenye kifuniko cha zambarau nayo ikaingia akilini. Ndani yake mna EDTA, na wanafunzi wote wanajua kwamba EDTA inazuia damu isigande kwa kuinasa kalsiamu. Lakini EDTA inainasa magnesi vilevile, na magnesi ni miongoni mwa vinavyoichochea ile oksijeni. Chupa moja, faida mbili. Mwanafunzi akinijia na damu ya HIV kwenye chupa ya kijani yenye heparini, simkaripii. Namweleza kwamba heparini itakizuia kimeng'enya kinachonakili RNA wakati wa kipimo kisifanye kazi, kisha naye namchorea pembe tano.

Kuhusu glavu nina maneno zaidi kidogo. Umma unaamini tunavaa glavu kujikinga na magonjwa, na ni kweli, lakini kwenye chumba cha RNA tunaikinga sampuli nasi. Jasho la binadamu, mate, hata ngozi kavu ya kidole vimejaa vimeng'enya viitwavyo ribonukliesi, ambavyo kazi yake ni kuikata RNA, tena kwa kuitumia oksijeni ileile ya kaboni namba mbili. Ni vikaidi ajabu. Vimeng'enya vingi ukivichemsha vinakufa. Ribonukliesi ya kongosho la ng'ombe, aliyoichunguza Christian Anfinsen, ukiikunjua mpaka ipoteze umbo kabisa kisha ukaiondolea kilichoikunjua, inajikunja yenyewe upya na kurudi kazini. Anfinsen na wenzake Stanford Moore na William Stein walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1972 kwa kazi yao juu ya kimeng'enya hicho kimoja. Kwa hiyo kijana akiwa katikati ya kazi, simu ikaita mfukoni na mkono ukaenda huko, glavu zile zimekwisha. Haijalishi kama ni ujumbe wa M-Pesa au mama yake nyumbani. Zitolewe, zivaliwe nyingine. Na tusipige soga juu ya tyubu zilizo wazi.

Kinachozishinda ribonukliesi ni ule mchanganyiko wa kufungulia virusi, wenye chumvi iitwayo guanidini thiosianeti. Unapasua ganda la kirusi na kuzikunjua protini zote papo hapo, kimeng'enya kikaidi kikiwemo, kabla hakijaigusa RNA. Mwaka 1987 Piotr Chomczynski na Nicoletta Sacchi walichapisha njia fupi ya kutoa RNA kwa kutumia chumvi hiyo, na sehemu kubwa ya tunachofanya leo, hata ndani ya mashine zinazojiendesha, imesimama juu ya kemia hiyo. Hapa niseme jambo ambalo ningependa libandikwe kwenye kila sinki la maabara nchini. Sisi Wakenya tumezoea kumalizia kila uchafu na Jik. Usimwage Jik juu ya mabaki ya mchanganyiko huo. Yakikutana yanatoa gesi za sumu, zikiwemo za jamii ya sianidi. Mabaki hayo yana pipa lake na utaratibu wake, na dawa ya kufulia haihusiki hapo hata kidogo. Madam alikuwa akilisema hili kila Jumatatu asubuhi, watu wakiwa bado na chai mikononi, na siku hizi nalisema mimi.

Besi zenyewe, zile herufi nne, ziko za aina mbili. Adenini na guanini ni kubwa, kila moja ina pete mbili zilizoshikana. Sitosini na urasili ni ndogo, pete moja moja. Kubwa hukutana na ndogo: adenini na urasili kwa viungo viwili vya hidrojeni, guanini na sitosini kwa vitatu. Guanini ilianza kupatikana kwenye kinyesi cha ndege wa baharini katika karne ya 19, na Mjerumani Albrecht Kossel, ambaye maabara yake ilichangia sana kuzitambua besi hizi, alipewa Nobel mwaka 1910, miongo kadhaa kabla mtu yeyote hajajua zina kazi gani mwilini.

Urasili ndiyo iliyonishughulisha zaidi, kwa sababu nilitaka kujua kwa nini RNA isitumie thaimini, ile herufi T, kama DNA, ikarahisisha kazi ya walimu na wanafunzi. Thaimini ni urasili iliyoongezwa kaboni moja yenye hidrojeni tatu. Basi mbona DNA iingie gharama ya nyongeza hiyo? Jibu liko kwa sitosini. Sitosini ina tabia ya kuharibika polepole na kugeuka urasili. Ikitokea kwenye DNA, chembe ina kimeng'enya kinachozunguka kikitafuta urasili na kuing'oa, kwa kuwa urasili haina haki ya kuwa pale. Lau DNA ingekuwa na urasili zake halali, kimeng'enya hicho kisingejua ipi ni kosa na ipi ni ya asili. RNA haihitaji ulinzi wa namna hiyo. Inatengenezwa, inatumika, inavunjwa.

Wenzetu waliobuni vipimo wakaligeuza jambo hilo kuwa ufagio. Kipimo kinachozalisha nakala mabilioni ya DNA kutoka kwenye RNA chache kina hatari moja kubwa: nakala za jana zikipeperuka zikaingia kwenye tyubu ya leo, mtu asiye na ugonjwa anaonekana mgonjwa. Kwa hiyo kwenye vipimo vingi nakala zinatengenezwa kwa urasili badala ya thaimini. Kisha kila kipimo kipya kinaanza kwa kimeng'enya kile kinachochukia urasili ndani ya DNA. Nakala za jana zinaharibiwa, RNA ya mgonjwa wa leo haiguswi, maana kimeng'enya hicho hakishughuliki na RNA. Halafu joto linapanda, ufagio wenyewe unazimwa, na kazi inaanza. Nakiri nalipenda jambo hili kuliko karibu yote niliyojifunza kazini.

Katika mwaka wa korona niliulizwa maswali mengi zaidi ya kawaida. Kisa cha kwanza kilitangazwa nchini Machi 2020, na mwaka uliofuata zikaingia chanjo, zikiwemo za Moderna na Pfizer zilizotengenezwa kwa RNA. Kwenye matatu, kanisani, kwenye harusi, mtu akijua unafanya kazi maabara anakuvuta pembeni. Hofu iliyorudiwa zaidi ilikuwa kwamba RNA ile ingeingia kwenye DNA ya mtu na kukaa humo maisha. Niliwajibu kutokana na ninachokishika kila siku: RNA hiyo ya chanjo haiingii kwenye kiini cha chembe ambamo DNA imehifadhiwa, na ikishasomwa, inakatwakatwa. Tunahangaika na friza za baridi kali ili tu ifike kwenye bega la mtu ikiwa nzima. Hata mwili wenyewe hauvumilii RNA ngeni. Unaitambua na kuwaka. Katalin Karikó na Drew Weissman walionyesha mwaka 2005 kwamba ukibadilisha kidogo besi ya U, ghadhabu hiyo inapungua sana, na chanjo hizo mbili zinatumia U iliyobadilishwa. Walipewa Nobel mwaka 2023. Kwa maoni yangu, wangepewa mapema zaidi kama dunia ingethamini kemia ya herufi moja.

Lakini swali lililonigusa moyo liliulizwa na mama mmoja aliyekuwa amekuja kutolewa damu, mtu wa miaka mingi kwenye dawa za HIV. Alikuwa na kopo lake la TLD, kidonge chenye dawa tatu za HIV, mkobani. Akanionyesha. "Daktari," akaniambia, ingawa mimi si daktari, watu hutuita hivyo, "kila usiku nameza hii. Inafanya nini huko ndani?"

"Mama, una dakika kidogo?"

Alikuwa nazo. Nikachora.

HIV ni RNA, lakini ili ijifiche kwenye chembe zetu lazima kwanza ijinakili kuwa DNA. Kimeng'enya cha aina inayofanya hivyo kiligunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwenye maabara yake. Kimeng'enya hicho kinaokota nyukliotidi zilizomo kwenye chembe na kuzishikanisha moja baada ya nyingine. Sasa, herufi T na L kwenye TLD ni tenofovir na lamivudine, na zote mbili zikiwa ndani ya chembe huwa nyukliotidi bandia. Tenofovir imebeba adenini, lakini haina sukari kabisa. Lamivudine imebeba sitosini juu ya pete iliyowekwa salfa pale ambapo kaboni namba tatu ingekuwa, na haina ile oksijeni ya kushikia fosfeti inayofuata. Nilimwambia awaze behewa la treni lenye ndoano upande mmoja tu. Ukilifunga kwenye treni linashika, lakini nyuma yake hakuna kitakachofungwa tena. Kirusi kinaokota nyukliotidi, kumbe si nyukliotidi halisi, na mnyororo unaishia hapo. D, dolutegravir, haimo kwenye ujanja huu. Yenyewe inazuia DNA ya kirusi isipachikwe kwenye yetu.

Mama yule akatazama mchoro kwa muda. "Kwa hivyo kila usiku naviwekea mtego."

"Kila usiku, mama."

"Na nikiruka?"

Nikamwambia ukweli. Kirusi kikipata nafasi ya kujinakili huku dawa ikiwa kidogo mwilini, kinakosea herufi mara kwa mara, na kosa moja tu mahali fulani kwenye kimeng'enya chake linatosha kukifanya kiitambue lamivudine na kuikataa. Akaukunja ule mchoro, akauweka pamoja na kopo. Majibu yake yalitoka LDL, maana yake virusi vilikuwa vichache kiasi kwamba mashine haikuvipata, na kwa kuwa damu yake ilitolewa pale pale na kuzungushwa ndani ya saa moja, namba ile niliiamini.

Siku hizi kijana mpya akija, simpi pipeti kabla hajanichorea ribosi na kuniandikia namba za kaboni zake. Wengine hulalamika kwamba chuoni hawakuulizwa hivyo. Sawa. Lakini mwenye kuelewa oksijeni ile hahitaji kukumbushwa barafu, wala glavu, wala saa, na akikutana na hali ambayo haimo kwenye mwongozo anajua la kufanya. Na ataikuta, maana mizigo yetu mingi ni RNA: HIV, surua, polio, korona, dengi, na homa ya Bonde la Ufa, ambayo Daubney na Hudson wa maabara ya mifugo ya Kabete waliieleza mwaka 1931 baada ya kondoo kufa karibu na Naivasha.

Msichana mmoja wa atachimenti alinibana vizuri juzi. Aliuliza: kama RNA ni dhaifu hivyo, mbona tunapokea kadi za damu iliyokaushwa, zimesafiri siku nyingi kwenye bahasha bila barafu, na tunazipima? Nilifurahi kwa swali lile. Jibu ni maji. Kimeng'enya bila maji hakina jinsi ya kuifikia RNA, na ile oksijeni yenyewe haina wepesi wa kujipinda kwenye karatasi kavu. Kwa hiyo matone yakaushwe vizuri, kwenye hewa ya kawaida na si juani, kadi zisigusane zikiwa mbichi, kisha zifungwe kwenye mfuko pamoja na kifuko cha kunyonya unyevu. Unyevu ukiingia, usalama umekwisha, hata kama kadi kwa macho ni ileile. Kuna la pili pia: tone lile ni damu nzima, lina chembe zake, na ndani ya chembe mna virusi vilivyojificha ambavyo havizunguki kwenye plazima. Kadi inaweza kuvihesabu navyo, ndiyo maana kwa namba ndogo hatuiamini kama tunavyoiamini chupa. Mgonjwa aliye karibu na maabara atolewe damu ya chupa. Kadi ziende kwa wale ambao gari lenye barafu haliwafikii.